Mume Wangu Anakusanya Santuri za Wenzake Marehemu

Mshauri wetu, pokea salamu zangu na unisamehe mwandiko, maana naandika juu ya meza ya cherehani, na naomba unijibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi nimepanga kufanya jambo ambalo nikilifikiria usingizi unaniruka, na nisipolifanya pia sijui tutaishije.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona hapa hapa nyumbani, na mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, sasa amestaafu, mtu mpole ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti, hanywi, hazururi, ugonjwa wake ni mmoja tu, santuri, zile sahani nyeusi za muziki wa zamani, alikuwa nazo tangu ananichumbia. Kila Jumapili mchana walikuwa wanakutana wazee saba kwenye duka la kunyoa la rafiki yake ambaye sote tunamwita Kinyozi, kila mmoja na santuri yake kwapani, wanasikiliza, wanabishana nani alipiga gitaa na nani alipuliza tarumbeta, wanabadilishana, wanauziana, na kwa kweli nilikuwa napenda, maana siku hiyo alikuwa akirudi nyumbani anapiga mluzi na kuniambia niache kushona nikae naye.

Basi ukaja ule ugonjwa wa mapafu ulioenea dunia nzima, duka la kunyoa likafungwa, mikusanyiko ikakatazwa, nao wakabuni njia yao, Jumapili ile ile saa ile ile mume wangu anaiweka simu mbele ya spika na wenzake wanasikiliza huko waliko, na ajabu ni kwamba kipindi hicho cha kujifungia ndicho santuri zilipopanda bei kuliko wakati wowote, watu wamekaa ndani hawana pa kwenda, wakaanza kukumbuka muziki wa wazazi wao, madalali wakawa wanapiga simu mpaka tukiwa mezani, na mmoja alitaka santuri moja tu na pesa aliyotaja ingetuwekea paa jipya, mume wangu akamjibu, "Ndugu yangu, paa haliimbi," nikacheka, lakini leo nikitazama doa la maji kwenye dari sicheki tena.

Halafu wakaanza kuondoka. Alitangulia yule tuliyekuwa tunamwita Karani kwa sababu alifanya kazi posta, akafuata Mwalimu, akafuata Dereva, wote walizikwa na watu wa kuhesabika, sisi wengine tumesimama mbali na barakoa usoni, na mwezi huo huo dada yangu mkubwa naye akaondoka, hata kumwona hatukuruhusiwa, lakini hilo tuliache. Wa mwisho alikuwa Kinyozi. Jumapili moja alikuwa kwenye simu anasikiliza, anakohoa, mume wangu anamwambia apumzike, yeye anasema, "Acha maneno, geuza upande wa pili," mume wangu akageuza, wimbo ukaisha, akauliza, "Umeisikia hiyo sauti ya pili inavyoingia?" na Kinyozi hakujibu. Tulidhani mtandao umekatika. Jioni mkewe akatupigia.

Tangu siku hiyo, mshauri, mume wangu hajapiga hata santuri moja.

Na bei nayo ikaanguka, wala si ajabu, maana waliokuwa wakinunua kwa kujua ndio hao waliokufa, na wale walionunua kwa upweke wa kufungiwa walipofunguliwa milango wakaziuza zile zile, na kila familia ya marehemu nayo inatoa sanduku lake nje, wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi. Siku moja mume wangu akapita kwenye kibanda cha vyombo akakuta mama mmoja anauza bakuli za kuwekea maua, nyeusi, zenye kingo zilizojikunja, kumbe ni santuri zilizolegezwa kwenye maji moto zikafinyangwa, na chini ya bakuli moja, kwenye ile karatasi ya katikati, pana jina la Karani kwa mwandiko wake mwenyewe. Alizinunua bakuli zote na santuri zote ambazo bado hazijafinyangwa, akarudi nazo kwa mkokoteni, kisa chenyewe akanisimulia kesho yake.

Habari zikafika kwa wajane. Wakawa wanapiga simu, "Shemeji, njoo uchukue, watoto wanataka kuzitupa," na yeye hajui kukataa, anawapa chochote alichonacho mfukoni, anabeba. Sasa nina santuri za wanaume wanne waliokufa ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule. Ziko chini ya kitanda, ziko juu ya kabati, nikikanyaga pedeli ya cherehani goti linagonga sanduku la Mwalimu, na chumba cha pili mlango haufunguki zaidi ya upana wa bega.

Nilimuuliza, "Baba, hizi zote za nini na wewe hata moja hupigi?"

Akaniambia, "Mama, nikiziacha zikawa bakuli, nani atajua hawa watu walikuwepo?"

Nikamwambia, "Basi zipige, tuwasikie." Akachukua ndoo, akatoka nje kumwagilia maji mahali ambapo hakuna kilichopandwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msaada. Binti yetu alikuwa anafanya kazi hotelini, hoteli imeshindwa kusimama tena tangu ule ugonjwa, amepunguzwa, anarudi nyumbani na mtoto mchanga mwenye kifua, kila upepo ukigeuka anabanwa, na chumba chao ndicho hicho kilichojaa vumbi na majalada yenye ukungu. Nimemwambia baba yake, anaitikia, "Tutaona," na keshokutwa yake anaingiza sanduku jingine. Kuna mnunuzi amesema atachukua kila kitu kwa mkupuo, na Alhamisi mume wangu anakwenda kliniki ya presha, huko hukaa asubuhi nzima, nimeshamwambia huyo mnunuzi aje na gari wakati huo. Nikimwambia mume wangu atakataa, nisipomwambia nitakuwa nimemzika na wenzake, na binti yuko njiani. Nifanyeje, mshauri?

Ni mimi, Fundi wa Nguo niliyechoka.

MAJIBU

Dada yangu fundi, barua yako ilinifikia Jumanne na gazeti hili hutoka Jumamosi, kwa hiyo niliweka kalamu chini nikakupigia simu, na wasomaji wataniwia radhi wakikuta maji yameshamwagika. Nilikuambia neno moja tu: mwambie leo. Ukalia, ukasema, "Presha itamuua." Nikakujibu kwamba kuambiwa hakutamuua, lakini kutoka kupimwa presha na kukuta nyumba tupu kungeweza.

Ulimwambia. Hakupiga kelele. Alikuuliza tu mnunuzi anakuja saa ngapi, akasema kliniki itangoja. Alhamisi mnunuzi akaja, akapekua masanduku kwa ncha ya kidole, akatenga santuri kumi na kitu, akasema nyingine hazilipi hata mafuta ya gari. "Mzee, hizi siku hizi hazina mwenyewe." Mume wako akamwambia, "Zina wenyewe. Shika yoyote nikutajie." Yule akashika moja kwa mzaha, akatajiwa. Akashika ya pili, akatajiwa, na siku iliponunuliwa, na nani aligombania. Ya tatu hakushika. Akaondoka mikono mitupu, na mzee wako akakaa sakafuni akalia kama ambavyo hakulia makaburini, nawe ukakaa naye. Umeniruhusu kuyaandika haya na nakushukuru, kwa sababu nyumba zenye masanduku ya namna hii ni nyingi.

Sasa nikugombeze. Mwenzako umeishi naye mpaka mmeota mvi, hajawahi kukunyanyulia sauti, halafu unamvizia kama kibaka anavyovizia mkoba? Shida yako ni ya kweli, mtoto mwenye kifua hawezi kulala kwenye ukungu, na kwa hilo niko upande wako mia kwa mia. Lakini mali ya mtu huuzwa mwenyewe akiwepo. Usirudie.

Na dada yako? Umemtaja kwa nusu mstari ukasema tuliache. Mimi siliachi. Mumeo anabeba msiba wake kwenye mkokoteni, kila mtu anauona, wewe wako umeushonea ndani ya pindo. Hamjambo nyote wawili? Mna jambo, tena kubwa.

Mzee, najua unasomewa haya, kwa hiyo na wewe sikiliza. Usimwambie mkeo bei itarudi. Bei ile ilipanda kama homa, watu walikuwa wamefungiwa na wanaogopa, na homa imeshuka. Wanunuzi waliojua thamani ya ulichonacho umewazika wewe mwenyewe. Vijana wanaopenda santuri wapo, lakini wanataka moja moja, safi, isiyo na mikwaruzo, hawataki masanduku ya mtu. Soko halitakuja kukufuta machozi. Na kumbukumbu ya rafiki zako haikai kwa uzito. Karani hawi hai zaidi kwa sababu mjukuu wako anakohoa.

Fanyeni hivi. Kuanzia leo halipokelewi sanduku jingine, na atakayewajibu wajane ni wewe dada, si yeye, kwa sababu yeye hajui kusema hapana. Jumapili hii waiteni wajane na watoto wao, waje kwa zamu, kila familia ichague inachotaka kubaki nacho. Zile kumi na kitu alizotenga mnunuzi ziangalieni tena: zilizo za mzee ziuzwe, pesa iende kwenye paa, na hapo, mzee, sitaki kusikia kama linaimba au haliimbi. Zilizo za marehemu, mjane aulizwe kwanza na pesa ni yake. Wenzake wawili waliobaki, aliye karibu aje na aliye mbali apigiwe simu, wamsaidie kumchagulia kila marehemu sanduku moja dogo la zile alizozipenda, yakae sebuleni juu ya kabati, yafutwe vumbi. Zinazobaki ziacheni ziende. Zitakwenda kwenye vibanda, na nyingine zitakuwa bakuli za maua. Najua inauma, mimi mwenyewe imeniuma kuandika. Ziende.

Kliniki aliyoikosa aende wiki ijayo na wewe uende naye, mkae wote mbele ya muuguzi, amwambie kwamba hajasikiliza muziki tangu amzike rafiki yake na wewe umwambie kwamba hupati usingizi. Waulizeni nani pale huzungumza na watu waliofiwa. Mtu huyo mara nyingi yupo, tatizo hatuulizi. Ukitoka hapo, dada, nenda kaburini kwa dada yako, peke yako, ukae mpaka utakapochoka kukaa.

Sitawaahidi kwamba nyumba itarudi kama zamani. Wazee saba hawarudi kuwa saba. Lakini chumba cha pili kina madirisha, na ukuta wenye ukungu hupakwa chokaa kwa siku moja. Weka cherehani pembeni, mwite mzee ashike upande mmoja wa sanduku na wewe ushike wa pili, muanze kutoa. Binti yenu akifika akute kitanda kimetandikwa, asikute maelezo.