Yule Mtu wa Kwenye Ukungu

Dresden, 9 Oktoba 1822

Dada yangu mpenzi Adelgunde,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai goti lako limepata nafuu, baridi hii isije ikalichokoza tena. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii, na sababu utaiona.

Alhamisi tulikwenda na Mchungaji Zschoche kutazama maonyesho ya picha. Palikuwa na moja ya milima: ukungu umetanda mabondeni, na mtu kasimama peke yake juu ya jabali, ametupa mgongo. Mchungaji akatueleza kwamba mlima ule ni imani, ukungu ni mashaka, na mtu yule ni roho inayomngoja Mola. Alieleza kwa kirefu hata mzee mmoja akasinzia wima.

Ndipo jirani yangu Ernestine, yule mjane wa mwoka mikate ambaye humpendi kwa ulimi wake, akasema taratibu kwamba yeye haoni roho pale, anaona kikohozi.

"Mchungaji, huyu hana mtu nyumbani. Angekuwa naye, angeshaitwa arudi kabla ukungu haujamwingia kifuani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamwonea huruma Mchungaji, nikasema mtu anaweza kuipenda milima tu, kama mimi ninayeipanda kila Jumapili. Ernestine akanigeukia.

"Na wewe, Bwana Traugott, siku ukiteleza huko, nani atajua pa kukutafuta?"

Dada, tangu mke wangu Luise afariki, hakuna aniulizaye niendako. Nilirudi nyumbani nikala supu ya viazi iliyopoa, nikikitazama kiti chake kitupu.

Sasa nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu: kulipokucha nilibisha hodi kwa Ernestine, nikamposa. Alikuwa akikanda unga, wala hakuacha kukanda.

"Haya, nimekubali," akasema. "Lakini chakula kikiwa tayari naita mara moja tu."

Najua utanuna. Nuna, ukimaliza uje, maana arusi bila wewe haitaninogea. Mchungaji ameridhia kutufungisha ndoa, ila katoa sharti: bibi arusi asieleze maana ya kitu chochote kilichomo kanisani. Ernestine ameomba apewe muda alifikirie.

Nisalimie shemeji na wanao wote.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Traugott