Kitufe cha Bila Chumvi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kitufe changu kimewashwa leo! Kipo pale kwenye skrini ya kaunta, chini ya picha ya paja la kuku: moyo mwekundu na maneno CHAGUO LA MZEE – BILA CHUMVI. Wazo langu mimi, Ida, mtu wa kaunta wa Kuku Utakavyo, tawi la Mikumi! Kwenye grupu la WhatsApp la matawi yote wameweka picha yangu. Angela wa masoko kaandika kutoka Dar kwamba tawi la barabarani limewafundisha kazi watu wa mjini. Makofi, moto, makofi. Hata watu wa tawi la Iringa, ambao huwa hawampongezi mtu.

Ni kweli niliwaambia mwenyewe. Abiria wazee wanashuka kwenye basi, wanasoma ubao wetu, wanarudi kukaa na ndizi zao za njiani. Presha. Wangekuwa na cha kuchagua wangeingia. Na leo wameingia. Bibi mmoja wa basi la Songea kabonyeza moyo kwa kidole chake mwenyewe, akacheka kama kashinda bahati nasibu.

Kuna kajambo kamoja tu. Kuku wetu hafiki hapa mtupu. Anakuja kwenye ndoo kutoka Morogoro, ameshalala usiku kucha kwenye maji ya chumvi na viungo. Mteja akibonyeza moyo, Yassin kule jikoni anaacha kunyunyiza ile chumvi ya juu. Basi. Kuku ni yule yule. Niliuliza siku ya semina ya wafanyakazi. Angela akajibu kwamba hatujasema kuku hana chumvi, tumesema sisi hatuongezi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.


Alhamisi, 10 Julai

Baba kaja! Kliniki yake ya presha iko hapa Mikumi. Akitoka kijijini kwetu, Ulaya, kwa ajili ya kliniki hunipitia, ananiachia mchicha wa Mama, anaondoka bila kukaa. Leo kavua kofia mlangoni kama anaingia kanisani. Shikamoo Baba. Marahaba, mama. (Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.)

Nikamwuliza nilivyofundishwa kuwauliza wote: leo utapenda nini? Kanitazama. Kwetu hakuna anayemwuliza mzee hivyo. Mzee huwekewa. Na chakula hakisemwi – unakula kilichopo, unamshukuru Mungu na mpishi, unanawa. Baba kasoma bweni la misheni, kala ugali na maharage mpaka akaota ndevu. Sijawahi kumsikia akisema hiki nakitaka, hiki sikitaki.

Nikamwonyesha skrini. Paja au kidari? Kafikiri kama mtu anayetafutiwa mchumba. Paja. Chipsi au ndizi? Ndizi. Foleni nyuma inaguna, yeye wala! Halafu akauona moyo. Kausoma kwa sauti, neno moja moja. Akanigeukia: "Hili ni langu." Akabonyeza.

Nilitakiwa niseme pale pale. Watu walikuwa wengi – uongo, hata wangekuwa wawili nisingesema. Alikuwa na furaha mno. Kala mpaka akanyonya mifupa. Akasema mama yako anapika bila chumvi kama anatuadhibu, hawa vijana wenu wamejuaje?

Nikamwambia ni viungo, Baba.


Jumamosi, 12 Julai

Nimemwuliza Yassin kama kuku wa kwenye ndoo anaweza kuoshwa. Kacheka mpaka akashika ukuta. Chumvi ikishaingia kwenye nyama imeingia, kwani hiyo ni matope? Halafu kaniambia watu wa milimani bwana, mnajipalia mkaa halafu mnauliza nani kawasha moto. Yeye ni wa Tindiga, kule bondeni, huwa ananitania hivyo. Leo haikunichekesha.

Mambo yote hapa ndiyo hivi hivi, nilikuwa siyaoni tu. Sosi nne kwenye ubao, ndoo moja. Tunagawa, hii tunatia pilipili, hii ndimu, hii asali kidogo, hii tunaiacha. Na watu wanachagua kwa makini! Wanabishana! Semina ilisema anayechagua mwenyewe halalamiki. Niliiandika nikaipigia mstari.


Jumamosi, 19 Julai

Baba kapiga simu. Hajawahi kunipigia yeye kuulizia chakula, hata nilipokuwa mtoto hakuniomba maji mara mbili. Kaulizia kama lile paja la moyo linaweza kusafiri.

Nimempa Mudi wa bodaboda boksi, kalifikisha Ulaya likiwa la moto. Ningekataa kwa sababu gani? Ningesema tumeishiwa? Duka zima la kuku?

Kashukuru. Anasema siku hizi nyumbani anakula kidogo, anaacha nafasi.


Jumatano, 30 Julai

Sijui niandikeje.

Kliniki leo, presha ya Baba imepanda. Sana. Mama alikuwa amemsindikiza. Nesi kamgeukia Mama mbele ya wagonjwa wote: mama, unampikia nini huyu mzee? Hujui chumvi itamlaza? Unataka apooze? Mama kajitetea, nesi akasema wote mnasema hivyo hivyo.

Wakanipitia hapa. Mama hakutaka kuingia, kakaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani. Anasema pakiti ya chumvi aliyonunua Pasaka ya mwaka jana bado imejaa, niende nikaangalie kama simwamini. Ameacha kutia hata kwenye chakula chake, wawe sawa, mzee asijione mgonjwa peke yake. Alisema hivi akiangalia barabara. Malori yanapita, yeye anaangalia malori.

Baba kamgeukia Mama. Halafu, polepole, kwa upendo kabisa: "Labda mkono wako ni mzito tu, Mama Ida."

Nilikuwepo! Nimesimama kati yao na kofia yangu ya kazi yenye kuku. Na nikasema nini? Nikamwuliza Baba kama dawa anakunywa vizuri. Nikayapeleka mazungumzo kwenye dawa. Kumbe hata dawa amepunguza, anakunywa nusu, maana chakula anachochagua ni kama dawa. Nikamfokea kwa adabu kuhusu dawa, Mama akanishukuru kwa kumfokea.

Kisha Baba akaingia ndani kula. Nilimhudumia mimi.

Nafsi inanisuta. Mimi mtoto wa aina gani?


Ijumaa, 1 Agosti

Nimempigia Angela. Nimemwambia kitufe kina tatizo, wazee wanadhani kuku hana chumvi. Kaniambia nisiwe na wasiwasi, kitufe kinafanya vizuri kuliko vyote barabara hii, ofisini wanataka wanipe usimamizi wa tawi. Kuhusu chumvi, mteja ana haki ya kuuliza. Je, kuna aliyeuliza?

Hakuna. Hawaulizi kwa sababu wameshasoma BILA CHUMVI.

Nikasema asante dada. Nilisema asante!


Jumatatu, 4 Agosti

Angela kaja na mpiga picha kuandaa tangazo la Nane Nane. Walitaka mzee halisi, si mwigizaji. Na nani yuko kwenye meza ya dirishani? Baba. Kliniki haikuwepo leo. Kaja tu.

Kakubali kabla sijafika. Video wameipiga mara tatu: "Mimi ni mzee Gabrieli wa Ulaya. Nachagua mwenyewe." Watu wa Dar walicheka, wakamwuliza Ulaya ipi, Baba kawajibu ni Ulaya ya hapo mbele, hii isiyo na theluji. Kawapendeza kweli. Kila mtu kafurahi.

Angela akaniambia nimrekebishe mzee kola. Nikamrekebisha. Shingo yake ilikuwa na joto, na mshipa ulikuwa unapiga, nikauhisi kwenye vidole vyangu.


Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimejaribu. Nimenunua kuku mzima sokoni asubuhi, nikamwomba Yassin amkaange pembeni – kitunguu saumu, ndimu, tangawizi, chumvi hata punje hakuna. Yassin kanung'unika kwamba msimamizi akiona sufuria ya pili tumekwisha, lakini kafanya. Ana roho nzuri, ila mdomo ndio wa pilipili.

Baba kaja kabonyeza moyo wake. Nikampelekea yule kuku. Nikajificha nyuma ya friji ya soda kuangalia.

Kang'ata. Kang'ata tena. Kasukuma sahani. Baba yangu, asiyewahi kusema chakula tangu azaliwe, kasimama, kaja mpaka kaunta, kaniambia mbele ya watu: "Mama, leo mmekosea. Hiki sicho nilichochagua."

Nilimwambia ndicho, Baba. Hiki ndicho bila chumvi.

Akasema hapana. Bila chumvi anaijua yeye, anaila kila wiki. Hiki ni kama cha nyumbani.

Hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilitakiwa kupita tu. Baba, cha kila wiki kina chumvi. Maneno sita! Yakafika kwenye meno. Na nyuma yake bango jipya linaning'inia, uso wake mwenyewe, mkubwa kama dirisha, anacheka, ameshika paja. Wateja wanamtazama yeye, wanatazama bango, wanatabasamu. Nikaona jinsi atakavyovaa kofia na kutoka. Asingegombana nami. Angeaibika tu, na asingechagua kitu tena maisha yake yote.

Nikambadilishia sahani.

Huo si woga tu, ni kitu kibaya zaidi. Woga ningeusamehe.


Jumapili, 10 Agosti

Mama yuko nje, uani kwangu hapa Mikumi. Naandika nikiwa nimesimama, nimesingizia natafuta kitunguu saumu.

Kaja moja kwa moja kutoka kanisani, na gauni lake la kitenge cha akina mama, na sufuria, na kuku wa kienyeji ameshanyonyolewa ndani yake. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ile video imefika kwa akina mama wote. Baada ya ibada wamemzunguka: mumeo anafuata nini Mikumi, mbona anasifia jiko la barabarani? Wengine kwa utani, wengine si kwa utani. Na nesi kasema alichosema. Na Baba naye nyumbani anagusa chakula mara mbili, anashukuru, anasogea.

Hakunilaumu. Kakaa kwenye kigoda changu, kavua viatu vya kanisani kavipanga vizuri. Akasema: "Mimi sina kiburi, mwanangu. Kama ninyi mmejua namna ya kumpikia baba yako bila chumvi na akala, nifundishe. Sitaki afe akitamani chakula cha watu."

Ndani nilikuwa na boksi la jana kutoka kazini, lenye moyo wake juu. Nikalitoa. Nikamwambia Mama, onja kwanza. Nilijua nafanya nini. Mama kapika tangu kabla sijazaliwa, kapika misiba, kapika harusi za kata nzima, sufuria la kuzamisha mtoto anaonja tone moja anajua limepungua nini. Na ana zaidi ya mwaka hajagusa chumvi! Ulimi wake utasema, mimi nitapona kusema. Nilitaka mama yangu anishike. Nilitaka sana.

Kang'oa kipande kidogo. Katafuna. Akaacha kutafuna. Akaniangalia, na uso wake ukawa ule ninaoujua, wa kumkamata mtoto na sukari mdomoni. Sema, Mama. Sema tu.

Akageuza boksi. Akakisoma kibandiko, akakisogeza kwenye mwanga, akakisoma tena. Akaonja kipande kingine.

"Mimi nasikia kama ina chumvi," akasema. Taratibu, kama anauliza.

Nikafungua mdomo.

Lakini yeye aliendelea, na hakuwa anasema na mimi tena. Itakuwa ni ulimi wake. Umeharibika, umri huu, atajuaje. Kama hiki kisicho na chumvi yeye anasikia chumvi, basi ulimi haumwambii ukweli, na vile vya nyumbani anavyodhani havina, nani anajua anatia nini? Labda anatia akisahau. Akaweka paja chini, akajifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja. "Kumbe yule nesi alisema kweli," akasema. "Ni mimi."

Mdomo wangu ulikuwa bado uko wazi. Kilichotoka ni: ngoja nikakuletee kitunguu saumu.

Kitunguu ninacho mkononi. Kiko hapa tangu nilipoanza kuandika. Nje namsikia anapuliza mkaa, ameshauwasha mwenyewe, ameshasuuza kuku. Ananiita: Ida, tunaanza na nini? Nimeitika naja. Yassin angekuwepo angecheka, au asingecheka.

Ananiita tena. Anasema nikitoka nishike mwiko mimi mwenyewe, yeye hataki kugusa kitu, asije akamuua mumewe bila kujua. Nasikia kigoda kinaburutwa. Anasogea mbali na jiko, kunipisha.