Mkono Niliomnyooshea Mama Hanne

Baba Dogo, Nairobi
Jumapili, 20 Oktoba 1996

Kwako dada Everline,

Mulembe, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu tangu Triza alipotuma ile dawa ya kuchua. Sisi huku hatujambo. Triza bado anauza mitumba Gikomba, na mwanetu Nabiswa ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hataki kucheka mbele ya watu. Mvua imechelewa. Vumbi la viwandani limetukaa kooni na kila nyumba katika ploti yetu inakohoa.

Najua nimenyamaza muda mrefu. Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa hiyo nivumilie nikianza na habari za kazi.

Bado niko na ile kampuni inayopandisha wageni Mlima Kenya. Mwisho wa Agosti tulipanda na wageni sita. Mmoja alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mdogo wa mwili, anaitwa Hanne, kwao Denmark. Kiongozi wetu Mbithi aliniagiza nitembee naye nyuma, nimbebee mkoba na nisimharakishe. Tulikwenda hivyo siku nne. Kiingereza changu unakijua, na yeye hakuwa msemaji, lakini siku ya tatu, tulipoketi kwenye jiwe kupumzika, aliniambia kwamba safari ile walikuwa wameipanga pamoja na mumewe, na mumewe alifariki mwaka jana. Alisema majirani walimletea maua na kadi, kisha wakaanza kuvuka barabara wakimwona, kwa kuwa hawakujua wamwambie nini. Nilimwambia pole. Kisha nikammiminia chai.

Kileleni hakufika. Wenzake walipotangulia alfajiri, alisema pale tulipofika panamtosha, nami nikabaki naye kambini.

Sasa lazima nikueleze jinsi tunavyoagana na wageni, ndipo utaelewa kilichotokea. Gari likirudi Nairobi hupitia kwanza kwenye ghala la kampuni, hapa hapa Baba Dogo nyuma ya kiwanda cha sabuni, tushushe mahema. Hapo uani ndipo tunaagana. Tunajipanga mstari, Mbithi mbele, kisha mpishi, kisha sisi wapagazi. Mbithi ametufundisha kwamba bahasha haitazamwi wala haifunguliwi wageni wakiwapo, na shukrani ni ile ile, iwe nyingi au kidogo. Ugumu uko kwa mgeni anayekunja noti kiganjani na kukupa kwa kukushika mkono. Ukichelewa kunyoosha mkono, anaona haya na noti inarudi mfukoni. Ukiwahi sana, umeomba. Kwa hiyo tumejizoeza kuutoa mkono kidogo tu, kama mtu anayetaka kuaga.

Mama Hanne alinijia wa mwisho. Niliona mkono wake uko mfukoni mwa koti na nikaona ncha ya bahasha. Nami nikautoa wangu, vile vile tulivyozoea.

Aliutazama. Kisha akautoa wake mfukoni, mtupu, akaushika wangu kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso juu yake na kulia. Alilia sana, dada. Siyad, dereva wetu, alikuwa amewasha gari, akalizima. Mbithi alitazama viatu vyake. Mimi sikujua mkono wangu wa pili niupeleke wapi, ukabaki unaning'inia. Nasema kweli, wakati mama wa watu analia, mimi nilikuwa nawaza ile bahasha.

Akapanda gari, wakaondoka. Bahasha aliondoka nayo.

Wenzangu walicheka mpaka wakaketi chini. Mbithi akasema, "Kweyu, wewe umelipwa machozi." Nikacheka nao, lakini nilikwenda nyumbani na kinyongo, na Triza alikisikia wiki nzima.

Jumatano iliyopita ofisi ilinipa barua kutoka Denmark. Mama Hanne anaomba radhi. Anasema bahasha aliikuta mfukoni akiwa ndani ya ndege, akaona aibu, sasa ameituma. Kisha akaandika maneno haya, nami nayaweka kwa lugha yetu: "Siku ile kila mtu aliningoja nitoe kitu. Wewe ulinipa mkono. Tangu nimzike mume wangu, hakuna aliyewahi kuninyooshea mkono kabla mimi sijanyoosha wangu."

Nilimsomea Triza. Nilimwambia kwamba mama huyu ananishukuru kwa kitu ambacho sikumpa, na kwamba lazima nimwandikie ukweli. Triza aliendelea kukunja nguo zake za kuuza. Akasema, "Mwache na mkono huo. Lakini Everline je, yeye ulimpa mkono?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mfereji wa ploti mpaka watu wakaniuliza kama nateka maji.

Dada, Machi tulipomzika shemeji Andati, nilifika Ijumaa, tukazika Jumamosi, na saa tisa alasiri nilikujia pale ulipoketi na wamama. Nilikupa bahasha kwa mikono miwili, nikasema pole, nikasema kampuni ina wageni Jumatatu. Ulinitazama ukataka kusema jambo. Nikageuka kabla hujalisema.

Hapakuwa na wageni Jumatatu. Safari ile ilikuwa Alhamisi. Niliogopa utalia mbele yangu na mimi nisijue la kufanya, kwa hiyo nikakudanganya, wewe uliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Siku tatu zile nilizikaa hapa Baba Dogo nikitengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Nisamehe.

Nimeomba likizo nimepata. Nitafika Jumamosi, tarehe tisa Novemba, nikae siku kumi. Ukitaka kunieleza habari za Andati, hata zile ninazozijua, nitakaa nisikilize. Usipotaka, tutapalilia tu. Na ukilia, dada, safari hii sitaondoka.

Mama Hanne nimemjibu kwa ufupi. Nimemshukuru, nikamwambia nakwenda kumwona dada yangu ambaye naye amefiwa na mume.

Msalimie mama na umwambie nakuja. Watoto wote nawakumbatia. Triza anakusalimu sana, na Nabiswa anauliza kama huko kwenu meno huota haraka zaidi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kweyu