Makaburi Ndani ya Duara

Malindi, Ijumaa

Na huyo ndiye anayejiita rubani! Salim, mpiga picha za harusi, kaja na droni yake anipigie picha makaburi ya wazee wangu, kule tulikotolewa uwanja wa ndege ulipopanuliwa. Sasa yamo ndani ya seng'enge, na mimi siruhusiwi kuingia.

Nikamwomba ramani ya anga. Akaifungua kwenye simu, akagusa duara kubwa kati ya mawili yanayouzunguka uwanja wa ndege. "Mzee wangu, anga ya uwanja inaanzia huku juu. Sisi tutaruka chini yake."

"Hilo ni duara la nje, bwana. Makaburi yamo katika la ndani, na la ndani linaanzia ardhini. Soma, limeandikwa."

"Ah, mzee, nani atatuona?"

Nani atatuona! Ndege imejaa abiria, inashuka kutua, naye wasiwasi wake ni kuonekana. Mstari mmoja wa ramani umemshinda, lakini fulana ya "Rubani" kaivaa.

Nikamwambia akaombe ruhusa kwa waongoza ndege kwanza. Akafunga mkoba, akaondoka akicheka. Hatarudi.

Nilitaka sana kuliona kaburi la mama, kabla jicho hili la pili nalo halijaingia ukungu.