Mtu Anayejua Risasi

Jumapili, Novemba

Na mezani pangu, pale tunapokula!

Shemeji Bosco alikuja kutoka Blaine, mji jirani huku Amerika, baada ya ibada, akapanga risasi mbili za bastola mbele ya mume wangu kama mtu anayeonyesha viazi sokoni. Hii yenye tundu kwenye ncha ni ya kulinda nyumba, anasema, hupanuka mwilini, haitoki upande wa pili ikampata jirani. Ile ngumu ni ya kuwinda kulungu, maana hupenya mpaka ndani kabisa. Mume wangu akabisha: ya nyumbani inatosha hata porini. Saa nzima wanabishana!

Nilikuja na birika la kuwanawisha mikono, nikasimama. "Ondoeni hivyo vitu kwanza."

Shemeji akacheka. "Mama Neema, haya tuachie sisi. Yanataka mtu anayejua risasi."

Mume wangu akainamisha macho kwenye zile risasi. Na yeye anajua ninachokijua.

Nikarudisha birika jikoni. Wamekula bugari, ugali wetu, kwa vijiko.

Mtu anayejua risasi! Ile niliyopigwa Uvira, kwetu Kongo, bado iko ndani ya nyonga yangu, na leo baridi imeiamsha.