Mlango wa Dereva

Nchelenge, Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo umevuma tangu alfajiri, ziwa limechafuka, na vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Wazo la basi lilikuwa langu.

Ninaliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni. Baba hasomi mambo ya kwenye simu. Wenzangu tuliomaliza nao shule wanaongea Kibemba, na Kiswahili chao ni cha kununulia samaki tu.

Nianze na dada yangu Mwamini. Ameolewa Puta na mvuvi mpole anayeongea kidogo kama mimi. Kwetu, sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawakutani uso kwa uso. Mama akimwona shemeji anakuja njiani, anapinda kando mpaka apite. Na nyumba yetu ni vyumba viwili. Kwa hiyo wakija wanafika asubuhi, na kabla jua halijashuka wameshaondoka, mtoto mgongoni. Dada hataki kuja peke yake. Anasema watu wa mtaa watadhani amefukuzwa.

Safari iliyopita mama alimbeba mjukuu wake kwa muda wa kuivisha ugali tu. Walipoondoka hakulia. Aliosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Basi lenyewe lilikuwa la safari za Mansa. Injini ilipokufa, mwenye nalo aliitoa akaiuza, bodi ikabaki nyuma ya nyumba yake kule Kashikishi, kuku ndio abiria. Siku moja nilipita hapo na baba tukitoka kuuza chisense, dagaa wa ziwa letu. Nikamuuliza, "Baba, basi ikiharibika njiani, batu banalala wapi?"

"Ndani. Sasa balale wapi?"

Kisha akaligeukia basi lile, akalitazama mpaka tulipokata kona. Asubuhi yake alitukalisha chini na kusema kuna kitu amekiwaza sana.

Kitu chenyewe kilikuwa basi, dada na shemeji walale humo.

Lori lililivuta mpaka kwetu, tukaliweka juu ya matofali. Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyepewa nchi mpya. Sikujua kwamba basi lina vitu vingi hivyo. Chini ya viti nilikuta chanuo, kiatu kimoja cha mtoto, na magamba ya samaki yaliyokauka kama kucha. Nilisugua sakafu kwa majivu na ndimu kwa siku nyingi kabla harufu ya samaki haijakubali kutoka. Viti vya katikati tuliving'oa, cha nyuma kirefu tukakiacha, juu yake baba akatengeneza kitanda kwa mbao. Mama ameshona mapazia ya kitenge. Dirisha moja halifungi mpaka ulipige kofi, na sasa najua ni wapi pa kulipiga.

Juu ya kioo cha mbele bado kuna maandishi MANSA. Watoto wa jirani wanasimama mlangoni kuita abiria, "Mansa! Mansa! Mbili tu zimebaki!" Juzi mama mmoja alitua beseni lake la samaki, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza kwa adabu tunaondoka saa ngapi. Nilipaswa kumwambia kwamba hii ni nyumba. Nilimwambia leo haliondoki. Akaniombea heri akaenda zake.

Ninajiuliza mara nyingi: kitu kikiacha kufanya kazi yake, ni lini kinakuwa kitu kingine? Siku ya kutolewa injini? Siku ya pazia? Au siku mtu wa kwanza atakapolala humo bila kutarajia kufika popote?

Leo alikuja Tantine Eliza, dada mkubwa wa baba; baba humwita Yaya. Yeye ndiye anayeongea na upande wa wakwe, na bila ndiyo yake shemeji hatalala hapa, hata tungejenga ghorofa. Baba alivaa shati la kanisani kumpokea.

Alilizunguka basi mara mbili. Akagonga bati. Baba hakuweza kuvumilia.

"Gari si nyumba, Yaya. Haina musingi, haikugusa udongo. Paa ni yake peke yake."

"Bon. Hiyo nimekubali," alisema Tantine. Kisha akasimama mlangoni, akageuka, akaangalia mbele yake. Akaanza kucheka. "Weye, njoo usimame hapa. Mukwe akiamuka asubuhi, akifungua mulango, ataona nani?"

Baba alisimama pale. Mbele yake moja kwa moja kulikuwa na jiko la mama, na mama mwenyewe, mwiko mkononi, akisonga ugali. Nyuma ya jiko, bafu letu la matete.

"Mama mukwe akisonga bukari, mama mukwe akienda kuoga! Muliwaza nini?"

"Tuliwaza kivuli," alisema baba, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Ni kweli. Tulifikiria jua, mvua, njia ya lori. Mlango hakuna aliyeufikiria.

Baba akasema tutaligeuza. Tantine akauliza kwa injini gani. Baba akasema uzio wa matete, Tantine akaangalia upepo ulivyokuwa unapeleka vumbi na kusema uzio huo utamsalimia shemeji huko huko Puta. Mama aliweka mwiko chini. Niliona anaanza kukusanya sufuria safi.

Mimi nilikuwa najua kitu.

Nilikijua kwa sababu hukaa mara nyingi kwenye kiti cha dereva, nikishika usukani na kuangalia maji. Maneno niliyapanga vizuri kichwani, lakini watu wazima watatu walikuwa wamesimama pale na mdomo ukakataa. Basi nikafanya ninachoweza. Nilimpita Tantine, nikapanda ngazi, nikapita kati ya mapazia, nikafungua mlango mdogo wa dereva na kuruka chini upande wa pili, unaoelekea ziwa.

Nikasimama hapo. Upepo ulinipiga usoni. Toka hapo huoni jiko, huoni bafu, huoni mtu. Unaona maji tu.

Nilimsikia mama ndani ya basi akiniita, kisha Tantine: "Huyu mutoto ameyeyuka?" Walitokea mmoja baada ya mwingine kwenye ule mlango. Tantine alikwama kidogo kati ya kiti na usukani, akashuka akihema.

"Huyu mukwe asinenepe," alisema.

Akaangalia ziwa, akaangalia nyuma alikotoka. Akasema mkwe atapita mlango wa dereva, dada na mtoto watapita mlango wa abiria, na mapazia ya upande wa jiko yashonwe mpaka chini, yasifunguliwe kamwe.

"Njo ile nilikuwa nawaza!" alisema baba, yaani ndilo hilo alilowaza.

Tantine alipiga simu Puta palepale. Hatukusikia dada alivyojibu, tulisikia kelele tu, na Tantine akaiweka simu mbali na sikio. Jumamosi ijayo wanakuja, na wanalala. Mama alimwomba Tantine aulize tena, kuhakikisha. Wanalala.

Jioni hii baba amepita nyumba kwa nyumba akieleza jinsi alivyoliwaza basi, na jinsi alivyoliweka makusudi mlango wa dereva utazame ziwa. Sijui kwa nini sina uchungu. Labda ni uoga wangu wa kawaida. Labda ni kwamba sijawahi kumwona akitembea hivyo, mikono nyuma kama mtu wa serikali, na nilitaka kuona atafika wapi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukikutana naye sokoni Kashikishi atakusimulia hadithi yote. Mshangae. Muulize maswali, anayapenda. Lakini tafadhali, usimwambie kwamba unajua.