Choo cha Mke Mwenzangu

Jumanne. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na roho yangu inafuka moshi kama jiko lenye kuni mbichi.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima katuambia tuandike yaliyotupata. Haya, yamenipata. Choo changu kimefurika. Kimemwagika hadi uani, na kopo langu la kutawadhia nimelikuta linaelea kuelekea jikoni.

Kosa ni langu. Upande wangu wa shamba ni msitu wa minazi, na kila mnazi una mwenyewe. Nimezaa saba; kila kitovu nimekizika na mche juu yake. Mkwe wangu alipochimba shimo, jembe lilikutana na mzizi wa mnazi wa mwanangu Hamisi. Nikapiga kelele: "Acha! Hamisi yuko Kilindoni, ukimkatia mzizi homa itamwangusha huko huko!" Akasogea, akakuta wa Zuhura. Akasogea tena. Mwisho nikapata shimo la kunifika kiunoni, limepinda kama ndizi. Masika ya kwanza tu limeshajaa.

Na Bi Tatu je? Bi Tatu ni mke mwenzangu. Mume wetu katangulia, Mungu amrehemu, katuachia shamba moja na nyumba mbili. Choo cha Bi Tatu ni kirefu, kikavu, kina mfuniko. Wiki iliyopita bwana afya kapita, kaandika kwa chaki kwenye mlango wa choo hicho. Nikasimama pale, nikaunganisha herufi kwa kidole, moja moja.

CHOO BORA.

Maisha yangu yote sikujua kusoma. Neno la kwanza kulisoma peke yangu nje ya darasa, ni sifa ya choo cha mke mwenzangu!

Nimeona wivu. Nimeandika, na sifuti.

Lakini choo ni choo. Kilichoniuma ni Mwajuma, mjukuu niliyemlea kwa mikono hii. Ana mimba ya kwanza na mwezi wake ndio huu. Arobaini yake ya uzazi alikuwa aimalizie kitandani kwangu. Leo asubuhi mkunga kaja, kaziba pua kwa kanga. "Bibi, kichanga hakai kwenye uchafu huu. Ataharisha, utamzika."

Sijajibu, Bi Tatu katokeza kichwa. "Mlete kwangu, dada. Choo changu hakitoki nje kutembea."

Wakacheka. Mwajuma naye kacheka. Hicho ndicho kicheko kilichonichoma.

Nikamrushia Bi Tatu: "Wewe ungeshindwaje kuchimba, na uwanja wako mtupu?"

Kasema polepole, "Ndiyo, dada. Mtupu." Kaingia ndani.

Bi Tatu hakuzaa. Hana kitovu alichozika, ndiyo maana jembe lake halikukutana na mzizi wa mtu.

Mimi nimeukodolea macho mlango wa choo chake wiki moja. Yeye minazi yangu kaitazama miaka mingapi?

Baada ya adhuhuri nimempeleka Mwajuma mwenyewe, godoro kichwani kwangu. Nimebeba na mche wa mnazi. Nikamwambia Bi Tatu, "Kitovu cha mtoto wa huyu kitazikwa kwako." Kalia. Nikamwambia asiulilie mche, mvua inautosha.

Pa kuupanda nimechagua mimi. Hatua ishirini kutoka ule mlango wenye chaki, nimezihesabu mara mbili. Mzizi wa mtoto wetu sitaki ukutane na shimo la mtu.

Wivu haujatoka, nisijidanganye. Usiku huu Mwajuma analala kwa mwingine, na nyumba yangu kimya.

Lakini mtoto akizaliwa, maji ya kumwogesha nitachemsha mimi. Bi Tatu ni mzito wa kuamka, namjua. Nami singoji azaliwe: kuanzia kesho atanikuta jikoni kwake, moto umeshawaka.